Herufi Mbili za Mwisho

Watu husema hasidi hana sababu. Si kweli. Bi Meno alikuwa nazo sababu, tena kazipanga kwa miaka, na ungemkuta siku ameamka vibaya angekutolea moja baada ya nyingine mpaka chai yako ipoe. Zote zilimhusu mtu mmoja, naye ni mdogo wake.

Jina la Bi Meno usilifikirie vibaya. Halikutokana na meno yake mwenyewe, ambayo yalikuwa ya kawaida tu, mawili ya nyuma yameshang'olewa. Alikuwa mchoraji katika taasisi ya viumbe wa baharini, chumba cha mwisho kwenye ukumbi, ukishapita stoo ya chupa. Kazi yake ilikuwa kuchora makoa, yaani wale konokono wa baharini wasio na gamba, na kuhesabu meno yao. Koa ana utepe mwembamba mdomoni uliojaa meno, madogo kiasi kwamba tundu la sindano kwao ni lango la gereji, na namna yalivyopangwa ndiyo inayosema huyu ni spishi gani na yule ni spishi gani. Miaka ishirini na mmoja Bi Meno aliinamia hadubini akihesabu, mpaka shingo ikazoea kukaa upande.

Jenasi iliyomlia ujana wake ni moja, Gymnodoris. Ukiwaona utawapenda: wadogo, laini, weupe wa kupenyesha mwanga, wana pembe mbili kichwani na matamvua mgongoni yaliyochanua kama ua. Ukiwajua utawakimbia. Makoa wengine hula sifongo na mwani na mambo yao ya amani. Hawa hula makoa wenzao. Ipo spishi moja nyeusi inayomng'ang'ania samaki kwenye pezi na kulitafuna huku samaki anaogelea nayo. Wapo wanaofuata ute wa mwenzao kama polisi anavyofuata nyayo, na wakimfikia wanapanua mdomo na kummeza mzima mzima. Wapo wasiosaza hata wa ukoo wao. Na kwa kuwa kila mmoja ni dume na jike kwa mpigo, Bi Meno alizoea kusema kwamba hao wamejaliwa, wivu wa ndoa hawaujui, wamebakiwa na wa tumbo tu.

Sasa huyo mdogo wake. Walipishana miaka kumi na miwili, naye ndiye kitinda mimba, kwa hiyo tangu utotoni akaitwa Kitinda, na jina likamfuata mpaka kazini. Bi Meno mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi kwa Daktari, mkuu wa kitengo, baada ya binti kumaliza shule na kukaa nyumbani mwaka mzima akihesabu mabati. Aliajiriwa kuosha chupa. Basi mtu umemwingiza kwa mlango wa nyuma kuosha chupa, mwaka wa pili kajifunza kuzamia, wa tatu kapewa kamera ya chini ya maji, wa nne kapelekwa masomoni, na wa nane jina lake linakaa juu ya makala ubavuni mwa la Daktari. Michoro ya Bi Meno ilikuwamo ndani ya makala hizo hizo. Jina lake, ukilitafuta kwa bidii, ungelikuta mwishoni kwenye mstari wa shukrani, pamoja na dereva.

Nyumbani kwa mama yao mambo yalikuwa yale yale. Ukutani juu ya redio palikuwa na picha ya Kitinda iliyokatwa gazetini, amevaa suti ya mpira, nywele zimelowa, anacheka. Hakuna mgeni aliyetoka bila kuonyeshwa. "Huyu ndiye mwanangu wa baharini," mama angesema, kisha, akimwona Bi Meno amesimama pale na sinia la vikombe, angeongeza, "Na huyu ni mkubwa wake, yeye anachorachora." Anachorachora! Neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, naye alilimeza kila Jumapili.

Hata hayo angeyasamehe. Kilichomchoma hasa kilikuwa baba. Baba yao alikuwa fundi saa, na Bi Meno ndiye aliyekaa naye mezani tangu ana miaka sita, kibano mkononi, akimpokelea skrubu ambazo ukipiga chafya umezipoteza. "Usipumue juu yake," baba angemwambia. Mkono ule uliokuja kuhesabu meno ya makoa ulifundwa pale. Kitinda alikuwa na miaka mitatu baba alipofariki. Sura yake anaijua kwa picha. Lakini jina la baba lilikuwa la wote wawili sawasawa, na huko kazini kila mmoja aliandikwa kwalo. Bi Meno aliliona lake zaidi, maana yeye alikuwa amelifanyia kazi.

Ndipo siku moja Kitinda akapanda kutoka majini na mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko koa mmoja, urefu wa kucha ya kidole gumba, mweupe mwenye madoa ya rangi ya kutu yaliyojipanga mistari mitatu. Akamweka Bi Meno mezani kwenye sahani ya kioo. Bi Meno akamtazama kwa lenzi, akamgeuza, akamtazama tena. "Huyu simjui," akasema mwishowe. Katika jengo lile, Bi Meno akisema huyu simjui ni sawa na hakimu kugonga nyundo. Daktari alivuta kiti akaketi.

Kitinda alirudi majini mara sita na hakupata mwingine. Alikuwa huyo huyo mmoja, na hapo lazima uelewe sheria ya kazi yao. Jina halikai hewani. Spishi mpya ikipewa jina, pawe na mwili mmoja ndani ya chupa ya spiriti, uliofungwa na jina hilo daima dumu. Mwili ukipotea kabla, hakuna spishi wala jina, kuna masimulizi tu ya watu waliowahi kuona kitu. Lakini spiriti hula rangi, kwa hiyo waliafikiana koa aachwe hai mpaka Ijumaa, Bi Meno amchore na rangi zake, Kitinda ampige picha akitembea, kisha ndipo ahifadhiwe.

Tabu ilikuwa tangi. Chumba cha wanyama hai kilikuwa na matangi mawili ya kioo, na moja lilikuwa limezibwa ufa kwa gundi ambayo haijakauka. Hilo jingine lilikuwa na mwenyewe: Gymnodoris mkubwa wa madoa ya rangi ya machungwa, aliyekwisha kula makoa saba tangu aletwe, na Kitinda alikuwa amempa jina la Zimwi. Basi wakagawa tangi katikati kwa wavu wa nailoni uliowambwa kwenye fremu, Zimwi upande huu, mgeni upande ule. Kando ya tangi lilining'inia daftari kwa kamba. Yeyote atakayeinua wavu, iwe kuosha au kupiga picha, aandike saa aliyoutoa na saa aliyourudisha. Kitinda alipita pale akamwambia yule mdogo asiwe na wasiwasi, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Wote wakacheka, hata Bi Meno.

Jumatatu Daktari akamletea Bi Meno orodha ya lebo za kuandika kwa wino. Lebo katika taasisi ile zilikuwa na heshima yake. Zilisema alikotoka mnyama, siku, kina cha maji, na lolote lililompata, hata kama aliangushwa na mfagizi. Lebo haidanganyi, ndivyo Daktari alivyowafundisha wote. Bi Meno akaandika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ilikuwa ya yule mgeni. Gymnodoris, halafu jina la baba yao, halafu herufi mbili mwishoni, a na e.

Majina hayo ya Kilatini mkia wake ndio unaosema ni ya nani. Ukimpa mnyama jina la mwanamume, unatia i. La mwanamke unatia ae. Wakiwa wanawake wawili au zaidi, arum. Bi Meno ndiye aliyekuwa akimsahihishia Daktari mikia hiyo, maana Daktari aliwahi kumpa mzee mmoja mwenye ndevu mpaka kifuani mkia wa kike, na mzee hakufurahi. Kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa. Ae ni mwanamke, tena mmoja. Na ni mwanamke gani kama si huyo aliyemtoa koa baharini? Wangekuwa ni wao wawili ingekuwa arum. Herufi mbili badala ya nne, na hizo mbili zilizopungua ndizo yeye. Akaandika lebo kwa mwandiko wake mzuri, akaianika pamoja na nyingine.

Jioni, wakifunga madirisha, alimwambia Kitinda hongera, nimeona jina. Kitinda akashtuka, akaufunika uso kwa viganja, akacheka. Akamlaumu Daktari kwa kutokuwa na kifua, kwamba alikwisha kumwomba asimwonyeshe mtu. "Basi usiseme kitu, dada," akasema. "Subiri uisome mwenyewe." Alikuwa na maana ya ile aya inayokaa ndani ya makala kueleza jina limetoka wapi.

Nisubiri niisome, Bi Meno akawaza njia nzima. Jina peke yake halikumtosha, sasa anataka nikae kitako nimsome sifa zake.

Jumanne alichora matamvua. Jumatano alichora mistari ya madoa, na doa moja moja alipolitia rangi ya kutu aliona anampamba bibi harusi aliyemnyang'anya bwana. Alijiambia kwamba jina ni upuuzi, na la koa ni upuuzi zaidi, nani amewahi kusalimiwa sokoni kwa sababu ya koa. Kisebusebu na kiroho papo. Pembeni ya karatasi ya kujaribia rangi alikuwa ameandika jina la baba kwa penseli, akalitilia ae, akalitazama, akalifuta. Palibaki alama. Akalifuta tena mpaka karatasi ikachanika.

Alhamisi Kitinda aliinua wavu asubuhi kupiga picha, akaurudisha, na kwa haraka zake hakuandika kitu kwenye daftari. Bi Meno alimwona. Saa sita Kitinda akaenda kuchukua mtungi wake wa hewa uliokuwa kwa fundi, Daktari akaingia kikaoni, jengo likatulia. Bi Meno akaenda chumba cha wanyama hai kulinganisha rangi kwa mara ya mwisho. Rangi zilikuwa sawa. Wavu ulikuwa na ukungu wa kijani, na wavu ukiwa na ukungu huoshwa, huo ndio utaratibu. Akauinua. Zimwi alikuwa amelala pembeni kama mtu asiye na habari.

Akauosha kwenye sinki. Aliuosha vizuri, usiseme aliuosha ovyo, kila tundu kwa mswaki. Kisha akausimamisha kwenye kichanja cha kukaushia, akakausha mikono, akazima taa, akatoka. Daftari hakuligusa. Mimi sikufanya kitu, alijiambia kwenye ngazi. Nimeosha wavu, na mtu akiosha kitu lazima kikauke.

Akaenda mgahawa wa kona akaagiza chai na mkate. Mkate aliutafuna na haukuwa na ladha yoyote. Aliwaza Kitinda atakavyoinama juu ya tangi, na roho yake, nasema kweli, ikaona raha, raha kavu kama ya kukuna kidonda. Atarudi majini mara sita nyingine. Atajua kukosa kukoje. Kisha akaona aibu, kisha akaikasirikia aibu yenyewe, akaagiza chai ya pili ambayo hakuinywa. Alikaa saa nzima na dakika kumi.

Aliporudi mezani kwake alikuta bahasha. Juu yake Daktari alikuwa ameandika kwamba hii ndiyo makala, tafadhali angalia mikia kabla hatujaipeleka, na usome ukurasa wa nne. Bi Meno akaufungua ukurasa wa nne, mdomo ameukunja tayari. Aya ilikuwa ya Kitinda. Alimjua kwa sentensi zake ndefu. Ilisema hivi:

"Jina. Spishi hii inaitwa kwa jina la dada yangu mkubwa, mchoraji wa taasisi, ambaye kwa miaka ishirini na mmoja amehesabu meno ya kila koa wa jenasi hii aliyepita hapa, na ambaye ndiye wa kwanza kusema kwamba huyu hajulikani. Baba yetu fundi saa alimfundisha kushika kibano, naye akanifundisha mimi. Baba sikumjua, nilichojua kwake nimekiona mikononi mwa dada."

Akasoma mara ya pili. Ae. Mwanamke mmoja. Mkia ule ulikuwa umesema idadi, haukusema ni yupi, na yeye, bingwa wa mikia, alikuwa amejijazia.

Kiti kilianguka nyuma yake. Alikimbia ukumbi mzima, mwanamke wa miaka hamsini kasoro mwenye shingo ya upande, akaingia chumba cha wanyama hai akawasha taa. Upande wa mgeni palikuwa na mchanga tu. Zimwi alikuwa katikati ya tangi, amevimba, na kwa kuwa nyama yao hupenyesha mwanga, Bi Meno aliona ndani ya ubavu wake madoa ya rangi ya kutu, mistari mitatu, ile aliyoichora jana kwa brashi ya nywele nne. Akaona jina lake liko tumboni.

Mlango ukafunguka. Kitinda aliingia na mtungi begani, akamwona dada yake, akaona tangi, akaona wavu umesimama kwenye kichanja. Akautua mtungi polepole sakafuni. Akalishika daftari, akalifunua, akakuta leo hakuna kilichoandikwa, uso ukamshuka.

"Ni mimi," akasema. "Niliuinua asubuhi. Nilidhani nimeurudisha." Kisha akaanza kulia, na katika kulia akasema kila kitu, kwamba jina lilikuwa la dada, kwamba alimbembeleza Daktari miezi, tangu kabla hajapatikana koa wa kupewa, kwamba alitaka mama aweke kitu kingine ukutani. "Nimekupotezea, dada. Nisamehe."

Sasa hapo wewe mwenzangu ungefanyaje? Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ilitosha Bi Meno amshike bega, amwambie ajali haina kinga, na angetoka pale amesamehe yeye, mwenye kosa, na kushukuriwa juu yake. Alifungua mdomo na maneno hayo yalikuwapo. Lakini macho yake yalikuwa ubavuni mwa Zimwi, na mkono wake ulikuwa umeshaanza kufikiri.

"Nyamaza," akasema. "Hawa humeza mzima. Lete sahani na wembe mpya."

Kitinda akafuta pua, akaleta. Hapakuwa na muda wa kumlewesha mnyama kwa dawa kama inavyotakiwa. Bi Meno akamtoa Zimwi kwa kijiko, akamlaza chali, akashusha lenzi, akakata. Usipumue juu yake. Alipita ngozi, akapita ini, akafika kwenye tumbo, akalifungua kwa ncha ya wembe kama anavyofungua bahasha ya mtu mwingine, na kwa kibano akamtoa yule mdogo, taratibu, mkia mpaka kichwa. Ngozi ilikuwa imelainika. Matamvua ya upande mmoja yalikuwa yameyeyuka na pembe moja haikuwapo. Lakini alikuwa mzima wa kutosha kuitwa mwili, na alipochungulia mdomoni, utepe wa meno ulikuwa mahali pake, meno yote yamesimama. Akamtia kwenye spiriti. Kitinda alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, anasema si nilisema, dada, si nilisema halikuli likakwisha.

Bi Meno akaketi. Lebo ya zamani haikufaa tena, maana lebo haidanganyi na huyu alikuwa amepatwa na jambo. Akachukua kipande kipya, akachovya kalamu. Jina, mahali, siku, kina cha maji. Chini yake akaandika: ametolewa tumboni mwa koa mwingine wa jenasi hii. Akachovya tena. Wavu uliondolewa kwa makusudi na mchoraji. Akaisukuma mezani mpaka mbele ya mdogo wake.

Kitinda aliisoma. Kilio kikakatika kama bomba limefungwa. Akamtazama dada yake, akaitazama bahasha ambayo Bi Meno alikuwa amekuja nayo mkononi bila kujua, akazijumlisha mwenyewe.

"Ulidhani ni mimi."

"Nilidhani ni wewe."

"Na kama ingekuwa mimi?"

Bi Meno alitafuta jibu. Kila alilolishika lilikuwa linaanza na miaka ishirini na mmoja, na aliona haya hata kulianza. Aliomba tu jina lifutwe, liwekwe lolote jingine, la Daktari, la dereva.

"Halifutwi," Kitinda akasema. Sauti ilikuwa ya chini na haikuwa na hasira, heri ingekuwa nayo. "Ni lako, utake usitake. Na hiyo lebo usiiguse." Akauchukua mtungi wake akatoka.

Daktari aliisoma lebo siku ya pili, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaisoma tena. Hakugomba. Alisema wino huo aukaushe vizuri, na kwamba itabidi achore bamba la pili, yaani mchoro wa mnyama alivyo sasa, kwa kuwa makala lazima ionyeshe mwili uliomo chupani. Bi Meno akamchora bila matamvua ya kushoto, na pembe moja. Kitinda alifanya kazi upande wa pili wa chumba. Alimsalimia asubuhi, alimpa alichoomba, alimwita Bi Meno kama wengine wote. Miezi minne hakumwita dada. Mtu akikuita jina lako la kazi na mlinyonya titi moja, utalisikia mpaka mifupani.

Makala ilipochapwa, Kitinda aliipeleka kwa mama Jumapili, kama alivyokuwa amekusudia. Mama alivaa miwani akaomba asomewe. Kitinda akamsomea ukurasa wa nne wote, hakuruka neno, na alipofika kwa fundi saa mama alishika shavu. Bi Meno alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Mama akamtazama muda, kama mtu anayemkumbuka mgeni aliyekuwa amekaa sebuleni siku nyingi, akasema hebu tua hilo sinia, mwanangu, njoo ukae. Kisha akataka picha ikatwe ibandikwe ukutani. Kulikuwa na picha mbili, ya mnyama akiwa hai na rangi zake, na ya pili. Mama akaing'ang'ania ya pili. Alisema ile ya kwanza ni nzuri lakini hii ndiyo ina kisa.

"Hebu niambieni," akasema, kidole juu ya ule upande mtupu. "Huyu maskini kafanywa nini?"

Bi Meno alitazama mikono yake.

"Aliliwa, mama," Kitinda akasema.

"Na nani?"

"Na dada yake."

Mama akatikisa kichwa. Alisema hayo ndiyo mambo ya baharini, lakini si mnamwona bado ana umbo, bado mtu anaweza kumjua ni nani; zimwi likujualo halikuli likakwisha. Akainuka kutafuta misumari. Kitinda akaichukua picha, akapanda kwenye kochi, akaipima juu ya redio, upande mmoja ukawa chini kuliko mwingine. Akajaribu tena, ikaenda kombo tena.

"Dada," akasema bila kugeuka, "shika upande huo."

Bi Meno akapanda, akaushika.